Siku Mzee Ungando Alipopanda Juu ya Magunia

Vijana mnaoendesha magari ya siku hizi huwa mnanicheka. Nikipewa kiti cha mbele, kabla hata gari halijaondoka, macho yangu yameshashuka kwenye dashibodi kutafuta mshale wa oili. "Babu, gari jipya hili," mnaniambia. Najua ni jipya. Hata lile nililojifunzia mie lilikuwa jipya, enzi za Mwingereza, na bado kidogo litumalize wote kule kivukoni. Basi leo zimeni hiyo redio niwasimulie.

Nilikuwa dereva msaidizi wa lori la petroli la tajiri mmoja wa hapa Kibiti. Tulivuka mto kwenda Chumbi na Nyamwage, tukarudi na pamba, mpunga au mahindi, kutegemea msimu. Mabasi yalikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo juu ya magunia hawakukosekana watu: wagonjwa, wafiwa, bibi na kuku wake. Leseni ninayo, nilipewa kule Utete baada ya Mzungu mmoja kunirudisha nyuma kati ya mapipa mawili huku akitafuna kiko. Lakini leseni ni karatasi. Kazi nilifundishwa na Mzee Ungando.

Mzee Ungando ndiye aliyekuwa dereva mkuu. Kwao Salale, kule kwenye mikoko, mtoto wa wakata boriti. Udereva aliupata jeshini wakati wa vita vya Hitla, akarudi nao Rufiji kama wengine walivyorudi na mabuti. Mtu mrefu, mkavu, maneno yake machache. Watu walikuwa wakiuliza kwanza, "Leo anaendesha Ungando?" Wakiambiwa ndiye, wanapanda. Wakiambiwa siye, wengine wanasema wataondoka kesho.

Gia za magari yale hazikuwa na adabu kama za sasa. Sasa unakanyaga klachi, unasukuma, imeingia. Zile, ukishusha gia ovyo, meno yanasagana mpaka abiria wa juu wanashika vichwa. Mzee alinifundisha hivi: "Gia haivunjiwi mlango, Omari. Piga hodi mara mbili." Hodi ya kwanza, unakanyaga klachi unaitoa gia, inabaki frii. Unaachia klachi. Hapo katikati unaipa mashine petroli kidogo ingurume, izunguke kwa kasi inayolingana na magurudumu. Hodi ya pili, unakanyaga klachi tena, unaingiza gia ya chini. Petroli ikiwa imezidi au imepungua, hukaribishwi.

Mie wiki za mwanzo sikukaribishwa. Palikuwa na mama mmoja Ikwiriri, akilisikia lori letu likiguguna kwa mbali, anatoka na ungo wake kuuliza kama leo tumeleta mashine ya kusaga.

Sheria yake ya mteremko ilikuwa moja: gia unayopandia ndiyo unayoshukia, na uiingize ukiwa bado juu. Ukishaanza kuteremka na mzigo mgongoni, gari limeshakuwa bwana wako. Wako madereva waliokuwa wakitoa gia kabisa mteremkoni, ati wanabana petroli. Waliibana kweli, ila wengine hawakuishi kuitumia.

Na saa. Tulikuwa tukiziita saa kwa sababu zilikuwa na uso wa mviringo na mshale. Ya oili haina subira: mashine ikiwaka mshale unyanyuke palepale, usiponyanyuka zima, usiulize. Ya joto la maji inakuonya mapema, ila ukiipuuza utafungua boneti kwenye mvuke. Ya chaji ukiwa mwendoni ielemee upande wa kujaza. Ya mwendo inakuambia gia ipi itakubali. Dereva mmoja kijana alibandika picha ya mchumba wake juu ya saa ya joto, apate kumtazama njiani. Mashine ikachemka hadi ikafa karibu na Nyamwage naye anatabasamu. Alimwoa yule binti, lakini gari hakupewa tena.

Sasa sikilizeni. Mwaka ule, baada ya masika, Mzee Ungando alianza desturi mpya. Tukiwasha gari ananiambia, "Nisomee."

"Oili imepanda, Mzee. Chaji inaingia. Maji bado baridi."

"Vizuri."

Njiani pia. "Nisomee mwendo." "Nisomee joto." Mie nikavimba kichwa. Nikajiambia mzee ananipima, ananiandaa nishike lori langu. Nikawa nasoma kwa sauti kama mwanachuoni mbele ya sheikh.

Yakaja mengine. Akawa haitikii salamu za mkono kutoka ng'ambo ya barabara, na watu wakaanza kusema Ungando anaringa. Pale Chumbi mtu wa baisikeli alikatiza mbele yetu na gunia la mpunga. Mzee hakupunguza mwendo hata chembe mpaka nilipopiga kelele. Aliyumbisha usukani, yule mtu akaangukia kwenye majani, akainuka anatutukana. "Nilimwona," Mzee akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. Kilometa nzima sikumtazama usoni kwa haya.

Siku yenyewe ilianzia Nyamwage, asubuhi, mvua za vuli zimewahi. Mzigo ulikuwa mpunga, magunia mpaka juu ya mbao za ubavuni, na abiria wameshapanda wamejifunika kanga na majamvi. Mzee akaketi, akawasha mashine. Mie nilikuwa nimeinama kutafuta kitambaa cha kufutia kioo, sikusoma kitu. Yeye akakitazama kile kisaa cha oili, akakitazama hasa, kisha akatia gia moja na lori likaanza kusogea.

Nikainua kichwa. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa.

"Mzee, oili! Zima!"

Akazima. "Nimeona," akasema. "Nilikuwa nakupima."

Nikashuka nikafungua boneti. Kile kibomba chembamba kinachopeleka oili kwenye saa kilikuwa kimelegea kwenye maungio, oili imetapakaa. Nikakaza, nikaongeza oili. Kazi ndogo. Lakini nilikuwa nimekwisha kujua. Hakuna dereva anayempima mtu kwa kuua mashine ya tajiri.

Nikamwita nyuma ya lori, mbali na masikio ya abiria. Pale mwangani, kofia imesogea juu, nikayaona: mboni zote mbili zina ukungu mweupe, kama glasi iliyopigwa na pumzi.

"Mzee, macho yako."

"Yana nini?"

"Huoni, Mzee."

Maji ya mvua yalikuwa yakimtiririka kwenye mashavu na hakuyafuta. "Naona vya mbali kidogo," akasema. "Naona mwanga. Barabara naijua." Kisha akanishika mkono juu ya kiwiko. "Baba yangu yalimfunga hivihivi. Mie ndiye niliyekuwa nikimwongoza kwa fimbo, Salale, kwenye magogo ya kuvukia vijito. Akiteleza, watoto wanacheka. Na mie nilicheka, Omari. Siku moja nilicheka."

Nikasema lile nililoweza: "Mzee, juu kuna watu. Leo naendesha mimi."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Haya, mwanangu. Una haki. Kafunge turubai vizuri nyuma, kisha uje ushike usukani."

Nikaenda kufunga turubai. Nikawa nakaza kamba ya mwisho, nikasikia mashine inawaka, gia moja inaingia laini bila hata mkwaruzo, na lori likaondoka.

Nilikimbia kwenye tope jinsi ambavyo sijakimbia tena maishani. Abiria wa juu wakacheka wakidhani ni mzaha wa madereva. Nikakamata mlango wa kushoto, nikapanda ngazi, nikajitupa ndani.

"Simamisha gari, Mzee!"

"Nitasimama Kibiti. Nitaliingiza mwenyewe mara moja hii, nishuke, nisipande tena. Niachie hilo tu."

"Kuna watu juu!"

"Basi nisomee barabara."

Vijana, mtaniuliza mbona sikumnyang'anya usukani. Gari limejaa mpaka juu, barabara ya udongo imelowa, upande huu mfereji na upande huu mfereji: watu wawili wakigombania usukani hapo, lori linalala ubavu na wale wa juu wanalaliwa na magunia. Mkono wangu wa kulia niliuweka karibu na breki ya mkono na macho yangu nikayapeleka mbele. Nikasoma.

"Kulia kidogo. Shimo. Hapo sawa. Kuna watu kushoto, punguza. Punguza, Mzee. Sawa, wamepita."

Na alifuata. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi, kwamba alikuwa akifuata vizuri namna ile. Nikisema kulia kidogo, ilikuwa kidogo kile nilichokitaka. Mguu wake ulikuwa unaisikia mashine kama mtu anayesikia mtoto wake analia chumba cha pili. Tukaipita Chumbi. Mvua ikazidi, kifutio cha kioo kikawa kinachora upinde mmoja na kuacha mwingine, hata mie nikawa naona kwa kubahatisha. Kila palipokuwa na nafasi nilimwomba asimame. Kila mara alijibu, "Mbele kidogo."

Mteremko wa kushukia kivukoni siku zile haukuwa mrefu sana, lakini ulikuwa umenyooka kama mfereji na mwisho wake ulikuwa maji. Mtu anayeona anauanza na gia ya pili. Sisi mvua ilitufunika, mie nikatambua tulipo pale pua ya lori ilipoinama, na tulikuwa kwenye gia ya nne.

"Mzee, mteremko! Tuko mteremkoni!"

Akakanyaga klachi, akatoa gia, akatia petroli, akasukuma. Meno yakalia. Akajaribu tena. Yakalia tena. Alidhani tunakwenda polepole kuliko tulivyokuwa tukienda, na petroli aliyoipa mashine haikutosha. Sasa lori lilikuwa frii, na mzigo wote wa mpunga unasukuma kutoka nyuma. Akakanyaga breki. Zilishika nusu, zimelowa. Akapampu, zikashika, zikateleza. Harufu ya breki ikaingia ndani.

Kule chini pantoni lilikuwa limetia nanga kwenye ukingo na watu wanateremka. Nikaona miavuli. Nikaona mwanamke amejitwika kapu, ameinua kichwa kutazama kelele inatoka wapi. Juu yetu abiria walikuwa wameacha kucheka, mtu anasoma shahada kwa sauti.

Nikanyoosha mkono kwenye breki ya mkono.

"Usiivute!" Mzee akafoka. "Bado! Itatugeuza. Nisomee mwendo!"

"Thelathini!"

Akakanyaga breki mara mbili kwa pupa. "Nisomee!"

"Ishirini na nane. Na sita. Ishirini na tano, Mzee!"

Mashine ikanguruma. Si kidogo kama mara ile, ilinguruma mpaka dashibodi ikatetemeka, na katikati ya ule mngurumo mkono wake ukasukuma gia ya tatu nayo ikaingia kama kisu kwenye ala. Lori likagutuka. Mie nikagonga kichwa kwenye kioo. Mashine ikaanza kulia ile sauti ya kuzuia mzigo, na sauti hiyo, wallahi, ilikuwa tamu.

"Watu wako wapi?"

"Mbele! Njia nzima!"

"Pembeni?"

"Kushoto kuna matete na tope!"

"Nisomee mwendo."

"Kumi na nane. Kumi na sita. Kumi na tano!"

Hodi ya kwanza, petroli, hodi ya pili. Gia ya pili ikaingia. "Sasa niambie lini."

Nikangoja mpaka kigingi cha mwisho cha kando ya njia kilipotupita. "Kushoto! Sasa!" Akakata usukani, nami nikavuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Lori likaacha njia, likapanda kingo, likavunja matete na kuzama kwenye tope mpaka kwenye ekseli. Mashine ikazimika yenyewe. Rejeta ilikuwa inatazama maji, na kutoka bampa hadi mtoni kama ni urefu wa ngalawa ndogo.

Hakufa mtu. Mmoja alivunjika kidole, gunia moja lilipasuka na mpunga ukamwagika matopeni, kapu la yule mama lilikanyagwa na wenzake waliokimbia. Niliwahesabu abiria wakishuka mmoja mmoja, nikarudia kuwahesabu.

Wa mwisho kushuka alikuwa Bi Hadija wa Nyamwage, mama mtu mzima aliyekuwa akipeleka kuku kwa mwanawe Kibiti. Alimfuata Mzee Ungando mpaka mlangoni kwake. "Ungando weye, umetaka kutuua?"

Mzee alikuwa amesimama ameegemea mlango. Angeweza kusema breki. Watu wote walikuwa wamesikia harufu ya breki, wangeamini, na mie nilikuwa nimeshafungua mdomo kulisema hilo kwa niaba yake. Akanizuia kwa mkono.

"Sioni, Bi Hadija," akasema, tena kwa sauti ya kusikika na wote. "Tangu masika sioni sawasawa. Kijana huyu aligundua leo asubuhi akanikataza, nikamdanganya, nikaondoka na ninyi. Haya niliyoyafanya nimeyafanya mimi."

Mvua ilikuwa inaanza kukatika. Watu wa pantoni nao walikuwa wamesogea kusikiliza. Mwanamume mmoja alimtukana tusi ambalo sitalirudia mbele yenu, na Mzee akaliitikia kwa kuinamisha kichwa. Bi Hadija akasema, "Pole. Lakini ulitukosea sana."

"Nimewakosea."

Tulilitoa lori matopeni kwa kamba, mabua na watu wote wa pantoni, kazi iliyokula mchana. Kisha ukaja mtihani mwingine: hakuna aliyetaka kupanda. Ungando haoni, na mie waliniona mtoto. "Huyu wa kusaga mahindi?" mmoja akauliza. Hata hapo, watu walicheka kidogo.

Mzee Ungando akasogea, mkono umetangulia, mpaka akaligusa lori ubavuni. Akapapasa akapata ngazi ya nyuma. Akapanda, taratibu, mguu baada ya mguu, akaketi juu ya magunia ya mpunga pale wanapoketi wagonjwa na wenye kuku. Sijawahi kumwona ameketi huko. Hakuna aliyewahi.

"Mie nasafiri na Omari," akasema kutoka juu. "Anayetaka, apande."

Bi Hadija akakaza kanga yake kiunoni, akampokeza kuku wake, akapanda. Wengine wakafuata.

Nikaliingiza lori kwenye pantoni, mbao zikilia chini ya magurudumu. Ng'ambo nikapandisha kwa gia moja, nikasoma saa zote bila kuambiwa, kwa sauti, peke yangu, kama mwendawazimu. Nikapita Ikwiriri kwa mwendo wa bwana harusi.

Baadaye tajiri alinipa lile lori, na Mzee Ungando alibaki gereji. Gia boksi alikuwa akiifungua kwa vidole tu, jino lililovunjika analipata kabla yenu ninyi wenye macho na tochi. Madereva wengi waliopita Kibiti miaka ile aliwapitisha yeye, akiwa ameketi kwenye mkeka, mikono imejaa grisi. Asiyeweza kumweleza kwa nini gia imelia, alikuwa hamruhusu kushika gari. Nanyi mkipatwa na chochote mwilini, macho, usingizi, homa, semeni mkiwa bado mmesimama. Mteremkoni hakuna mazungumzo.

Lakini alasiri ile sikupeleka lori kwa tajiri kwanza. Nililisimamisha nyumbani kwa Mzee. Mkewe, Bi Zuhura, alikuwa ameshatoka nje aliposikia mngurumo. Akaniona mie nyuma ya usukani. Akainua macho akamwona mumewe anasaidiwa kushuka kutoka kwenye magunia, nguo zimejaa tope na makapi ya mpunga.

Hakupiga kelele. Alimsubiri afike mbele yake.

"Umewaambia, Baba Hamisi?"

"Nimewaambia."

"Mwenyewe?"

"Kwa mdomo wangu."

Alikuwa akijua tangu mwanzo, na alikuwa peke yake katika kujua huko. Akamshika mkono akamwingiza ndani, akaniita nami. "Ingia, mwanangu, chakula kipo." Akafunua sinia: wali na kambamwitu aliowapika tangu asubuhi, umepoa, haujaguswa.

"Tangu masika," akaniambia, anamimina maji ya kunawa, "akitoka huyu asubuhi mie tonge halipiti. Napika, nafunika, nasikiliza barabara. Lori likirudi ndiyo nakunywa maji, tena maji tu. Nilimwambia nitamsema kwa tajiri. Akaniambia nikimsema ataondoka. Basi nikawa nangoja, sijui nangoja nini."

Mimi na Mzee tulikuwa tumeshanawa, tumesogea. Bi Zuhura hakuondoka kwenda jikoni kama desturi. Aliketi ukingoni mwa mkeka, akajimegea tonge kubwa la wali, akala. Akamega jingine. Alikula kama mtu anayefuturu, machozi yakimshuka anayafuta kwa kiwiko.

Mzee Ungando aligeuza uso kuelekea upande alikoketi mkewe, akawa anamsikiliza anavyotafuna. Chakula kilikuwa mbele yake, na hakukigusa mpaka Bi Zuhura aliposhiba.